BEI YA CHUMA NI SIRI YA NANI?



Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila khabari. Leo twataka kulipima neno hilo kwa jambo ambalo wengi wetu hulipita njiani bila ya kuligeukia, nalo ni biashara ya vyuma chakavu. Kila siku hupita mitaani kijana na mkokoteni wake, akiwaita watu watoe masufuria yaliyotoboka, mabati yaliyoliwa na kutu, betri zilizokufa na mifupa ya baiskeli. Twampa, naye hutupa visenti, kisha huenda zake. Hatumwulizi aendako, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui mzigo wake unakoishia. Katika kutojua huko ndimo ilimo dhulma tunayokusudia kuieleza.

Tumechagua kuutazama mkoa wa Singida, ulioko katikati ya bara, mbali na bahari na mbali na visiwa vyetu. Pana atakayeuliza: Singida na sisi, wapi na wapi? Jawabu letu ni fupi. Anayeokota chuma Singida na anayechuma karafuu Pemba wamefungwa kamba moja. Wote wawili huuza kitu ambacho bei yake hupangwa ng'ambo, na wote wawili huambiwa bei hiyo na yule yule anayenunua. Basi asiyeyaelewa ya mwenziwe hataielewa hali yake mwenyewe.

Wala chuma kikuukuu si kitu kigeni kwetu. Watu wa Unguja wanaijua khabari ya meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow, iliyozamishwa bandarini na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa nzima kutimia. Mabaki yake yalikaa majini, milingoti ikionekana, hata ilipofika mwaka 1912 ndipo yakakatwa na kuondolewa. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, na leo mtu akitafuta pale kipande cha reli hakioni. Chuma hakiozi kama embe wala hakipotei kama moshi. Kikiondoka mahali, kimekwenda kwa mtu, na mtu huyo amekilipia au hakukilipia.

Singida nayo ina hadithi kama hiyo, na yake ni kubwa kuliko yetu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda kaskazini mpaka Kinyangiri, mahali ambapo sasa pamo katika wilaya ya Mkalama. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba reli ile haileti faida, na katika miaka ya 1940 ikang'olewa. Watu wa Singida walikaa bila ya reli mpaka miaka mingi baada ya uhuru, ndipo ikajengwa tena kutoka Manyoni hadi Singida mjini. Jambo la kuzingatia hapa ni hili: walioileta reli ile walijua thamani ya kila pauni ya chuma chake, na walioiondoa walijua vile vile. Wasiojua walikuwa ni wale ambao ardhi yao ilipitiwa.

Sasa na tuitazame bei yenyewe, kwani haki isiyo na hesabu ni maneno matupu.

Bei ya chuma chakavu haipangwi Singida, wala haipangwi Dar es Salaam. Mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani ni Uturuki, ambayo huagiza yapata tani milioni 20 kila mwaka, kwa sababu vinu vyake vingi ni vya umeme, navyo hulishwa chuma kikuukuu badala ya mawe ya chuma kutoka machimboni. Bei inayolipwa katika bandari za Uturuki ndiyo kipimo kinachotazamwa na wauzaji wa dunia nzima. Ama shaba, aluminiamu, risasi na zinki, bei zake hutangazwa kila siku ya kazi katika Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, na ambalo tangu mwaka 2012 limekuwa milki ya wenye soko la hisa la Hong Kong. Ndiyo kusema kwamba waya wa shaba uliokatika katika kijiji cha Ikungi una bei yake London, na nanga iliyovunjika Mkokotoni ina bei yake Uturuki, wenye vitu hivyo wakijua au wasijue.

Na bei hizo hazitulii. Baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza mwezi wa Februari 2022, chuma chakavu kinachokwenda Uturuki kilipita dola 600 kwa tani mwezi wa Machi. Mwishoni mwa mwaka 2024 kilikuwa chini ya dola 400. Shaba nayo ilipita dola 11,000 kwa tani tarehe 20 Mei 2024, bei ambayo soko la London lilikuwa halijapata kuiona kabla ya siku hiyo. Wenye maghala makubwa waliyajua mambo haya siku ile ile. Je, mwenye mkokoteni wa Singida aliambiwa na nani? Bei iliposhuka, khabari ilimfikia upesi, kwa kuwa aliambiwa, "Kijana, siku hizi chuma hakina soko." Ilipopanda, khabari ilikuja kwa mguu, na huenda haikufika kabisa.

Mtu asiseme kwamba hesabu hii ni ya wasomi peke yao. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tani ya chuma chakavu ni dola 350, na dola moja ni shilingi 2,500. Tani hiyo yawa shilingi 875,000, yaani shilingi 875 kwa kilo. Hiyo si bei ya Singida, na hatumdai mnunuzi wa Singida ailipe yote. Kutoka Singida mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni yapata kilomita 700. Kuna nauli ya lori, kuna wapakiaji na wapakuaji, kuna vibali, kuna kutu na udongo unaopungua uzito, na kuna faida ya halali ya kila mmoja aliyetia mtaji wake. Lakini mtu akiijua ile 875 ya mwisho, ataweza kuuliza: Katika shilingi hizi, nauli ni ngapi, vibali ni ngapi, na mimi niliyeokota nimebakiwa na ngapi? Asiyeijua hana swali la kuuliza. Hupokea anachopewa na kushukuru.

Pana jambo lililo baya zaidi, nalo ni kuchanganya. Kwa mfano ule ule, shaba ikiwa dola 10,000 kwa tani, kilo moja yawa shilingi 25,000, yaani zaidi ya mara 28 ya kilo ya chuma. Shaba chakavu haifikii bei ya shaba safi, hilo twalikubali; lakini hata ukipunguza robo nzima bado tofauti ni kubwa mno. Sasa mfikirie mtoto aliyeokota mota mbovu ya pampu ya maji, ndani yake mna kilo mbili za waya wa shaba, akaiweka mizani ikapimwa yote kuwa chuma. Mtoto yule ametoa mali na kupewa chenji. Kipande cha sumaku kingetosha kumwokoa: chuma hukamatwa na sumaku, shaba na aluminiamu havikamatwi. Na lau angeambiwa kwamba waya uliochomwa moto ili kuondoa mpira hushushwa daraja sokoni, na kwamba moshi wake ni sumu kwa kifua chake, angeuchuna kwa kisu badala ya kuuchoma. Elimu ndogo kama hizi hazina gharama, lakini nani mwenye faida ya kumfundisha?

Wengine watasema kwamba chuma chetu kingi hakivuki bahari. Huishia katika vinu vya Dar es Salaam, Pwani na Mwanza, nacho huyeyushwa na kuwa nondo za kujengea. Ni kweli, na twafurahi kwamba kazi hiyo yafanywa nchini. Lakini mwenye kinu naye huitazama bei ya dunia, kwa sababu asipopata chuma chakavu hapa atalazimika kuagiza chuma kilichokwisha kuyeyushwa kutoka nje, na bei ya hicho ndiyo inayomwonyesha kikomo cha kulipia kile cha hapa. Kisha ile nondo hupakiwa lori na kurudi Singida, na hapo bei yake hupigwa hesabu kwa dola bila ya haya. Chuma kikitoka Singida huambiwa ni taka, na kikirudi Singida huambiwa ni bidhaa ya bei ya dunia.

Ndugu zangu, tumeeleza dhulma ya kwanza, ambayo humwumiza mnyonge bei inapofichwa. Ipo ya pili, nayo hutuumiza sote bei inapopanda: mali ya umma hukatwa usiku.

Singida imekuwa njia kuu ya mali hiyo. Umeme wa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga, njia ya kilomita 670, hupita Dodoma na Singida juu ya minara ya chuma. Reli mpya ya kisasa imekwisha kufika Makutupora, wilayani Manyoni, na mkataba wa kuiendeleza mpaka Tabora ulitiwa saini mwezi wa Desemba 2021 na kampuni ya Yapi Merkezi, ambayo ni ya Uturuki. Tazameni dunia inavyozunguka: nchi inayonunua chuma chakavu kuliko zote ndiyo ambayo watu wake wanatutandikia reli mpya. Lakini reli ile ina nyaya za shaba, na tangu mwaka 2024, treni zilipoanza kwenda Dodoma, zimesikika khabari za watu kukamatwa kwa kuiba na kuharibu miundombinu yake. Mkata waya hapati hata robo ya thamani ya anachokata, bali khasara anayoiachia nchi ni mara nyingi ya hicho alichopata.

Majirani zetu wa Kenya walilionja jambo hili. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme katika njia ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, akisema kwamba minara ilihujumiwa. Marufuku ikaondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule, baada ya kuwekwa masharti mapya ya leseni. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba serikali iliyolala hushtuka kwa kishindo, na ikishtuka humpiga wa karibu. Kwa miezi ile mitatu na ushei, maelfu ya waokotaji wasiopata kuugusa mnara walikosa mkate, kwa kosa la wachache na la wale walionunua bila ya kuuliza.

Huku kwetu bara, Kanuni za Taka Hatarishi zimeviingiza vyuma chakavu katika vitu ambavyo mtu hawezi kuvikusanya wala kuvisafirisha bila ya kibali. Hatuipingi sheria. Betri ni sumu, na mafuta ya mashine ni sumu. Lakini twauliza: kibali kinamjua mwenye ghala, je, kinamjua mwenye mkokoteni? Sheria inayomtaka mtu awe na karatasi, isimtake anayemnunulia aonyeshe bei na mizani, imetazama upande mmoja.

Wala hatusemi kwamba haiwezekani. Serikali imeweza kwa vitu vingine. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, na mchimbaji mdogo wa dhahabu huuza mahali palipo wazi, kwa bei inayofuata ile ya dunia. Singida ni nchi ya dhahabu tangu siku za Wajerumani. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotengenezewa sarafu za Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Na mazao kama dengu na ufuta yamekuwa yakiuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi za ghala, bei ikasikika na kila mtu. Ikiwa dhahabu ina bei ya wazi, na dengu ina bei ya wazi, kwa nini shaba na chuma viwe na bei ya kunong'onezwa?

Sisi wa visiwani twayasema haya kwa kuwa tumeyaona. Tangu mwaka 1968 mkulima wa karafuu amemjua mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara, na bei ilikuwa ni ile iliyotamkwa na mnunuzi huyo. Bei ya ndani ilipokuwa chini na bei ya nje ilipokuwa juu, karafuu ilitafuta njia ya usiku, ikavuka kwa ngalawa na mashua kwenda Mombasa, na wakulima wakafukuzwa kama wezi wa mali yao wenyewe. Mwaka 2011 bei ikapandishwa, na ikaahidiwa kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya dunia. Ahadi ni njema. Lakini asilimia ni sehemu ya jumla, na mtu asiyeijua jumla hawezi kujua kama sehemu yake imetimia. Bei ikifichwa, mali hutoroka. Hilo ni kweli kwa karafuu ya Pemba, na ni kweli kwa shaba ya Manyoni.

Watasema tena kwamba masoko ya dunia ni mambo mazito yasiyofaa kuingiliwa na watu wadogo. Na tuwakumbushe yaliyotokea London tarehe 8 Machi 2022. Siku ile bei ya nikeli ilipanda ghafla mpaka ikapita dola 100,000 kwa tani, na matajiri waliokuwa wameuza wasichokuwa nacho wakakaribia kuangamia. Wenye soko wakafanya nini? Walilifunga, wakayafuta mauzo ya siku ile kana kwamba hayakuwapo. Na mahakama ya London mwaka 2023 ikasema kwamba walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Basi ikiwa biashara ya wakubwa yaweza kufutwa kwa kuwa bei haikuwa ya haki, ni nani atakayemfutia mtoto wa Singida yale mauzo ya mota ya pampu?

Kwa hivyo, twaitaka Serikali ifanye mambo haya, na twawataka wawakilishi na wabunge wetu wayasemee:

Kwanza, bei itangazwe. Katika kila mji wa wilaya, Singida, Manyoni, Itigi, Ikungi, Kiomboi na Nduguti, na vile vile Unguja na Pemba, uwekwe ubao sokoni, na kila wiki iandikwe bei ya chuma, shaba, aluminiamu na risasi katika soko la dunia, thamani ya dola kwa siku hiyo, na bei inayolipwa katika vinu vya hapa nchini. Bei hizi zipo tayari. Kinachokosekana ni chaki na nia.

Pili, mizani ikaguliwe. Mizani inayosoma kilo 8 palipo na kilo 10 huiba sehemu moja katika kila tano, nayo haina haja ya bunduki wala giza. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani ya pamba na ya korosho. Waende na kwenye maghala ya vyuma.

Tatu, kila ghala liwe na daftari, na anayeleta waya wa shaba, kipande cha reli au kiungo cha mnara aulizwe alikokitoa. Anayenunua asichokiuliza ni mshirika wa mwizi, hata akiwa na leseni ukutani.

Nne, vyuma vikuukuu vya Serikali yenyewe, magari mabovu, mitambo iliyokufa na reli zilizochakaa, viuzwe kwa mnada wa wazi, na bei iliyopatikana ichapishwe. Haiwezekani kumdai mnyonge daftari huku mkubwa hana.

Tano, waokotaji wasaidiwe kujiunga katika vyama vya ushirika. Mtu mmoja na mkokoteni hawezi kujaza lori. Watu hamsini waweza, na mwenye lori zima hujadiliana bei, wala hapokei ya kuambiwa.

Ama sisi wanachama, tusikae tukingoja. Kila tawi na kila maskani ina vijana wenye simu mikononi. Bei ya London na ya Uturuki yaweza kutafutwa kwa dakika chache, ikaandikwa juu ya ubao ule ule tunaoandikia matangazo ya mikutano. Anayepita na mkokoteni aitwe, asomewe, na afundishwe hesabu tuliyoieleza hapa. Wale wenye ndugu na jamaa bara, Singida na kwengineko, wawapelekee khabari hii. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Hatuna ugomvi na mfanya biashara anayetia mtaji wake na kupata faida yake ya halali. Tuna ugomvi na faida inayotokana na ujinga wa mwingine, na tuna ugomvi na uongozi unaoona ujinga huo ukidumu na kunyamaza. Bei ni khabari, na khabari ya mali ya mtu ni haki yake mtu huyo. Walioikata Glasgow walijua walichokipata. Walioing'oa reli ya Kinyangiri walijua walichokibeba. Imefika zamu ya anayeokota naye ajue.

Mhariri